Koti Lililoitikia Shikamoo

Hapo zamani za kale, sogeeni basi wanangu, sogeeni msikie, wanyama walikuwa wakifanya kazi za mikono kama sisi. Wanaamka na jua, wanakunywa uji, wanakwenda kazini, na mwenye koti anavaa koti.

Katika bonde moja lenye udongo mwekundu palikuwa na tanuru la matofali. Mwenye tanuru alikuwa Bibi Tembo, naye alikaa ng'ambo ya kilima, anakuja mara mojamoja tu. Aliyemwachia kazi ni msimamizi, na msimamizi mwenyewe ndiye Nyati.

Sasa huyu Nyati alikuwa na koti. Wacha! Koti la bluu, zito, vifungo vya shaba kumi na viwili, kola imesimama hivi mpaka masikioni, mifuko mikubwa unaweza kumlaza mtoto ndani. Na kofia juu yake. Kila asubuhi anakuja, gwa! gwa! gwa!, anakohoa "Khooo! Khooo!", vibarua wote wanashtuka. Anapanda kwenye jukwaa la mbao, anavua koti, analitundika kwenye kiti kirefu, anaweka kofia juu ya kiti. Halafu mnajua anafanya nini?

Anazunguka nyuma ya jukwaa, nyaa, nyaa, polepole, anashuka bwawani kugaagaa kwenye tope na rafiki yake Kiboko mpaka jua lizame.

Ndiyo! Kazini linabaki koti.

Ukimuuliza msaidizi wake, Ngiri, "Bosi yuko wapi?", Ngiri anasimamisha mkia wima, anakutazama toka juu mpaka chini, anasema, "Wewe kipofu? Koti huoni? Koti lipo, bosi yupo!"

Basi ikawa mazoea. Vibarua wakipita mbele ya kiti wanainamisha vichwa, "Shikamoo bosi." Koti kimya. Wanakwenda zao kazini. Na Nyati alikuwa ametoa amri nyingine, kwamba anayesema naye asimtazame usoni, atazame vifungo. Kwa hiyo, niwaambie ukweli, miaka mitatu ile hakuna hata mmoja pale aliyeujua uso wa Nyati. Walijua vifungo. Hata Ngiri? Hata Ngiri! Ngiri angeweza kukwambia kifungo cha tano kina ufa upande gani, lakini macho ya bosi wake yana rangi gani, hajui.

Miongoni mwa vibarua alikuwepo Pimbi. Pimbi mnamjua, mdogo kama mkate, hana hata mkia wa kujisifia. Kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za tanuru kwa tope, maana yeye tu ndiye aliyeweza kupenya penye nafasi nyembamba. Kutwa anapita huku, anatokea kule, anamsalimia huyu, anamuuliza yule, "Mguu umeamkaje leo?" Hivyo akawajua wote, akaujua na moto pia, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu nao kuliko wengine.

Na Pimbi alikuwa na mtoto mchanga, Katope.

Huyu Katope alizaliwa masika iliyopita, nje, kwenye majani, mvua inanyesha, maji yanapita chini ya mgongo wa mama yake. Alipotoka hakulia. Siku nzima hakulia. Mama yake anampuliza puani, anamsugua, anampuliza, anamsugua, mpaka kesho yake ndipo akatoa sauti, chii. Tangu hapo Pimbi akawa mwoga. Anaogopa wingu, anaogopa kikohozi, anaogopa upepo ukipita mlangoni. Na anamwogopa Ngiri, maana Nyati alisema, "Hapa ni kazini, si leba! Mwenye mtoto aende kwao." Kwa hiyo Katope alikuwa akilazwa ndani ya kapu, nyuma ya rundo la magogo, kafunikwa majani. Pimbi anapita, anachungulia, anapita, anachungulia. Vibarua wote wanajua, wamenyamaza. Wakiwa kwenye kazi ya kelele wanamwita Pimbi tu, lakini wakiwa peke yao wanamwita Mama Katope.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe.

Bibi Tembo alikuja siku moja akasema, "Nataka matofali ya nyumba ya wazazi. Masika hii sitaki kusikia mtoto kazaliwa kwenye majani. Tanuru lililopita mliniharibia, upande mmoja matofali yameyeyuka kama sukari guru, upande mwingine mabichi. Hili nalo likiharibika, nafunga kazi. Kila mtu aende kwao."

Pimbi aliposikia nyumba ya wazazi, moyo ukamwenda mbio, puu puu puu. Akafyatua na yeye matofali usiku na mchana, ingawa kalibu ya kufyatulia ilikuwa kubwa kuliko yeye.

Matofali yakapangwa, tanuru likasimama kama mlima, lina midomo minne chini ya kulishia magogo, miwili mashariki, miwili magharibi. Moto ukawashwa. Siku ya kwanza moshi mweupe, ni maji yanatoka kwenye matofali. Siku ya pili moshi mweusi, matofali yanaiva. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, moshi ukakatika kabisa. Juu ya tanuru hewa ikawa inachezacheza tu.

Mzee Kobe, mlisha moto, macho yake yalikuwa yameshafifia lakini pua nzima. Akanusa. "Hmm! Tayari. Ni kuziba midomo sasa hivi."

"Basi tuzibe," akasema Punda, mchota maji.

"Uzibe wewe? Umemsahau Nungunungu?"

Punda akashusha ndoo. Nungunungu, tanuru lililopita, alipoona moto umezidi aliziba mdomo mmoja bila kuamriwa, kwa nia nzuri tu. Tanuru lilipoharibika, Nyati akasema, "Ni huyu! Nani kamwambia azibe?" Akafukuzwa siku hiyohiyo, yeye na watoto wake watano. Toka hapo hakuna aliyethubutu kugusa mdomo wa tanuru bila msimamizi kutamka neno moja: Ziba.

Pimbi akakimbia mpaka chini ya jukwaa. "Kaka Ngiri! Moto umefika, tuambie tuzibe."

Ngiri alikuwa anatafuna muwa. "Nani kakwambia umefika?"

"Mzee Kobe kanusa, na mimi nimeona."

"Umeona! Kipande cha pimbi nacho kimeona! Bosi si yupo pale? Akitaka kuzibwa atasema."

"Kaka, lile ni koti."

"We!" Ngiri akaruka. "Koti lipo, bosi yupo! Rudi kazini kabla sijahesabu nyayo zako mpaka nyuma ya magogo. Unafikiri sijui kuna kapu kule? Kesho asubuhi nalifunua mbele ya bosi."

Jamani. Pimbi akatupa macho kwenye magogo. Akarudi. Wakamtuma Punda bwawani, kimbia ukamwite. Punda akaenda shoti, akamkuta Nyati kazama kwenye tope mpaka puani, yeye na Kiboko wanachekeshana.

"Bosi, tanuru limeiva!"

Nyati hakugeuka hata shingo. "Koti lipo kitini?"

"Lipo."

"Basi mimi nipo. Usinisumbue."

Punda akarudi anahema, hee, hee, akasema maneno yale kama yalivyo. Na wakati huohuo upepo ukageuka. Vuuuuu! Ukaanza kupuliza kutoka mashariki, unaingia kwenye midomo ya mashariki, moto ndani ukanguruma, ngrrrrrr. Mzee Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba, akasema humo humo, "Kwisha. Muda wa kuchemsha uji na kuunywa, matofali ya mashariki yote yanayeyuka. Masika hii wake zetu wataendelea kuzaa kwenye majani."

Kwenye majani. Pimbi akasikia. Akatazama koti. Akatazama kapu. Moshi wa magogo ulikuwa unakwenda kwenye kapu, Katope anapiga chafya, chii! Akamchukua, akambeba mgongoni, akasimama hapo anawaza, anawaza, anawaza. Pembeni palikuwa na shingo ya mtungi uliovunjika. Akaiokota.

Halafu, wanangu, akapanda jukwaa kwa nyuma.

Akaingia ndani ya koti.

Katope akamlaza mfukoni, lala mama, lala. Yeye mwenyewe akajikunja nyuma ya kifungo cha pili, akaweka ile shingo ya mtungi mdomoni, sauti itoke nzito. Kijiti kimoja akakichomeka kwenye mkono wa koti. Anatetemeka, koti zima linatetemeka naye.

Ngiri akapita na muwa wake, kwa mazoea tu, akainamisha kichwa. "Shikamoo bosi."

"MARAHABAAA!"

Lo! Muwa ukaruka huko. Ngiri akakaa chini, pwaa! Miaka mitatu analiamkia koti, halijawahi kuitika hata siku moja!

"Bo-bo-bosi! Umerudi saa ngapi?"

"NILIONDOKA LINI?"

"Hukuondoka, bosi! Hukuondoka kabisa! Nilikuwa nawaambia hawa, bosi yupo!"

"UNATAZAMA WAPI?"

"Vifungo, bosi! Natazama vifungo!"

Pimbi mle ndani akavuta pumzi. Ikamjia kwamba sasa lazima aseme kama Nyati, maana yeye bosi mwingine hamjui. Akapiga kelele, "NYIE WAVIVU! NYIE VICHWA MAJI! ZIBENI UPESI AU NAWAFUKUZA WOTE!"

Mnafikiri vibarua walikimbia? Waliganda. Punda kashika ndoo, Nyani mkoroga tope kashika koleo, wanatazamana. Zibeni wapi? Kwa kuanzia mdomo gani? Wakikosea si ndiyo atasema ni wao? Hawakusogea hata hatua moja, na moto unanguruma, ngrrrrr.

Pimbi akaona kazi inakwenda kuharibika. Akasahau kuwa yeye ni Nyati. Maneno yakamtoka tu, mbiombio, kama anavyosema siku zote:

"Mzee Kobe, upepo unatoka mashariki, anza na mdomo wa mashariki ulio karibu na mti, halafu wa pili, magharibi baadaye. Punda, usibebe ndoo begani pale penye kidonda, vuta kwa mkokoteni. Nyani, tope lako la leo ni jepesi, tia majivu kidogo lishike. Na mkikosea, kosa ni langu, nimesema mimi, si ninyi. Haya ndugu zangu, tuzibe, taratibu lakini tusisimame. Ziba!"

Punda akamtazama Nyani.

Halafu, yallah! Kazi ikaanza! Kobe katoka gambani, Punda kavuta mkokoteni garagara garagara, Nyani anatupa tope pa! pa! pa! Mdomo wa kwanza, umezibwa. Wa pili, umezibwa. Moto ukashusha sauti, ngrrr, ngrr, ngr.

"Na wewe Ngiri," likasema koti.

"Naam bosi!"

"Una meno mazuri ya kuchimba. Chimba tope."

"Mimi, bosi? Mimi msaidizi?"

"SAIDIA BASI!"

Na mkono wa koti ukainuka wenyewe, ukaonyesha shimo la tope. Ngiri akakimbia na mkia juu, akachimba mpaka masikio yakajaa udongo. Vibarua wakacheka, kwa mara ya kwanza pale kazini watu wakacheka huku wanafanya kazi. Mdomo wa tatu, umezibwa. Wa nne. Mzee Kobe akapita akinusa kila upande, akarudi mbele ya kiti, akasema kwa sauti ya chini, "Tanuru limetulia." Akaongeza, "Ahsante," akatazama kile kifungo cha pili, akaondoka.

Sasa huko njia ya kilimani vumbi likatimka. Bibi Tembo anakuja!

Nyati kule bwawani akaliona vumbi. Mama yangu! Akachomoka kwenye tope, pwaaa, tope limemganda toka pembe mpaka kwato, linamchuruzika machoni, hana koti, hana kofia. Anakimbia, gwa gwa gwa, awahi kuvaa kabla bibi hajafika. Akafika jukwaani, akakutana na nani? Na Ngiri, anatoka shimoni na koleo.

"We! Unakwenda wapi wewe?"

"Nipishe, mpumbavu! Mimi bosi!"

Ngiri akacheka mpaka udongo ukamtoka masikioni. "Bosi! Kibarua kutoka matopeni anasema yeye bosi! Koti huoni? Koti lipo, bosi yupo!"

"Koti ni langu!"

"La kwako? Vifungo vyako viko wapi? Nionyeshe kifungo cha tano!"

Nyati akajipapasa kifuani. Hapana kitu. Tope tu.

"Nitazame usoni, Ngiri! Hunijui?"

Ngiri akamtazama. Akamtazama sana, kwa uaminifu kabisa. "Sikujui," akasema. "Sijawahi kukuona."

Halafu akageukia kiti, akainama mpaka pua ikagusa mbao. "Bosi, kuna nyati mmoja hapa anajiita wewe. Nimfanyeje?"

Mle ndani ya koti Pimbi alikuwa amejishika mdomo. Anaogopa, na kicheko kinambana, huku kimoja huku kingine. Akasema kwenye shingo ya mtungi, "ANA MIGUU MIZURI. AKAKANYAGE TOPE."

"Ewaa! Umesikia? Shuka shimoni!"

Nyati akanguruma, Nyati akakwatua ardhi. Lakini mara, dii! dii! dii!, ardhi ikatikisika, Nyati akateleza akatumbukia shimoni. Bibi Tembo huyo hapo.

Bibi Tembo akalizunguka tanuru kimya kimya. Akaweka mkonga kwenye ukuta wa mashariki. Akaweka kwenye ukuta wa magharibi. Kila upande joto ni lilelile. Akatazama midomo minne, yote imezibwa vizuri, hakuna hata ufa wa kupitisha siafu. Akasema, "Miaka yote sijaona moto uliozimwa kwa adabu namna hii. Nani kaamrisha?"

"Mimi!" akapaza sauti Nyati toka shimoni, tope mpaka tumboni. "Mimi, bibi! Mimi msimamizi wako!"

"Ulianza na mdomo gani?"

Nyati akatupa jicho kwenye tanuru. "Nilianza... na wa mbele."

"Tanuru halina mbele. Kwa nini ulianza na huo?"

"Kwa sababu... kwa sababu mimi bosi!"

Bibi Tembo akageuza masikio, akatazama kiti. "Na wewe uliyevaa koti? Umeketi tu nami nimesimama?"

Pimbi mle ndani akajikunja zaidi. Akisema, anajulikana. Akinyamaza, amemdharau bibi. Na hapo hapo, kutoka mfukoni mwa koti:

"Chii!"

Ngiri akaruka. "Koti limepiga chafya!"

"Chii! Chii! Nyaaaa!"

Bibi Tembo akanyoosha mkonga, akashika kola kwa ncha, akalinyanyua koti juu taratibu. Ikaanguka kofia, pu. Ikatoka shingo ya mtungi, kacha! ikapasukia kwenye mbao. Kisha akatoka Pimbi, kashikilia mfuko kwa mikono miwili, na mfukoni kichwa cha mtoto.

Nyati akapiga yowe, "Mwizi! Mwizi wa koti! Na mtoto kazini! Bibi, umeona? Mfukuze!"

Pimbi akateremka. Alikuwa anatetemeka, wanangu, sitawadanganya, hakugeuka simba ghafla. Tetetete, meno yanagongana. Akamtoa Katope, akamweka kifuani. Akamtazama Bibi Tembo usoni, hakutazama pembe wala mkonga, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, ya kawaida:

"Bibi, ni mimi. Nimedanganya, nimeingia kwenye koti lisilo langu. Nilianza na mashariki kwa sababu upepo uligeuka. Hawa wengine hawana kosa, walidhani wanatii koti. Kama ni kufukuza, nifukuze mimi, lakini nakuomba matofali yakipoa ujenge ile nyumba. Mimi nilizaa kwenye majani. Mtoto wangu hakulia siku nzima."

Ndipo Mzee Kobe akakohoa.

"Mama Katope, unasema tulidhani tunatii koti?"

"Ndiyo, mzee. Nisameheni, niliwadanganya."

"Ulimdanganya nani? Ulimdanganya Ngiri." Kobe akacheka, he he he, gamba likagongagonga. "Koti lilipotutukana tulisimama, hukuona? Hatukusogea. Lakini lilipotaja kidonda cha Punda, nikajua. Nyati ajue Punda ana kidonda? Hata hajui kama Punda ana bega!"

"Mimi nilijua kwenye majivu," akasema Nyani. "Nani mwingine anajua tope langu likiwa jepesi?"

"Na mimi," akasema Punda, "liliposema kosa ni langu. Nikasema, ahaa, huyo si koti, huyo ni dada yetu. Ndiyo maana nikavuta mkokoteni kama nina mabawa. Hatukulifuata koti, dada. Tulikufuata wewe."

Pimbi akawatazama mmoja mmoja. Kumbe muda wote ule alijificha bure! Machozi yakamtoka, na kicheko kikamtoka, vyote pamoja.

Ngiri pale pembeni anageuza kichwa, huku, kule. "Kwa hiyo," akauliza polepole, "yule aliyeko shimoni ndiye... ndiye bosi?"

"Alikuwa," akasema Bibi Tembo.

Wacha vigelegele! Wacha Punda apige teke hewani! Bibi Tembo akamwita Pimbi apande jukwaani, akalikung'uta lile koti vumbi, akamnyooshea. "Vaa. Wewe ndiye msimamizi wa tanuru langu."

Pimbi akalitazama. Vifungo kumi na viwili vinang'aa. Akatikisa kichwa. "Kazi naipokea, bibi, na naogopa, lakini naipokea. Koti hapana. Nikilivaa hawataniona, na mimi sitaona moto. Ila kama ni zawadi, nina ombi juu yake. Na lingine, Nungunungu arudishwe, hakuharibu kitu yule."

"Arudi kesho, na watoto wake watano."

Na mnajua ombi la koti lilikuwa nini? Walilikata! Mkasi, kacha kacha kacha, kitambaa chote cha bluu kikatoka mbeleko kumi na mbili, kila moja na kifungo chake cha shaba, zikatundikwa kwenye ukuta wa nyumba ya wazazi, matofali mekundu, bati juu, mvua ikinyesha unaisikia tu, haikufikii. Masika ile hakuna mtoto aliyezaliwa kwenye majani. Hata mmoja. Mke wa Ngiri mwenyewe alizaa mle, mapacha, akapewa mbeleko yenye kifungo cha tano, kile chenye ufa, na Ngiri akakitambua akaona haya.

Kile kiti kirefu walikipasua kuni. Pimbi alikuwa hakai, anapita huku, anatokea kule, Katope mgongoni, "Mguu umeamkaje leo?" Wageni wakija wanauliza, "Bosi yuko wapi?", vibarua wanajibu, "Subiri kidogo, yupo, utamsikia." Na kweli, kidogo tu unamsikia.

Nyati je? Nyati alibaki kwenye shimo la tope, na niwaambie, alikuwa mkanyagaji hodari, bonde zima halijapata kuwa na mwingine kama yeye, kule kugaagaa kote bwawani kumbe kulikuwa mazoezi. Siku moja Pimbi akasimama ukingoni, akamtazama usoni, akamwambia, "Kaka Nyati, tope lako la leo ni zuri." Nyati akainua macho. Yalikuwa ya kahawia.

Mimi ninaishia hapo, tanuru limepoa. Na funzo lake ni moja tu: watu hawamfuati aliyetundika koti, wanamfuata aliyepo.